Udzungwa: Msitu Wenye Neema, Meko Yasiyo na Kuni

Miongoni mwa neema alizotujaalia Mwenyezi Mungu ni misitu ya milimani, inayonasa mvua na ukungu, kisha ikayaachilia maji polepole kwa waja walio mabondeni. Wiki hii twawapeleka wasomaji wetu nchi jirani ya Tanzania, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990.

Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara za magari. Mgeni hutembea kwa miguu. Njia iliyo mashuhuri hupanda hadi maporomoko ya Sanje, ambapo maji huteremka takriban mita 170. Humu ndimo aishimo tumbili wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979, na ambaye hapatikani nje ya milima hii. Mwaka 2008 alitangazwa pia sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu mithili ya mkonga.

Faida ya msitu haiishii kwa watalii. Vijito vyake hunywesha mashamba ya mpunga na miwa ya bonde la Kilombero, na maji yake humiminikia mto Rufiji hadi Bahari ya Hindi.

Lakini upo upande asiouona mtalii. Kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya kando waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Kwamba msitu wahitaji ulinzi, hatukatai. Ila chungu hakiivi kwa katazo, na mzigo wa kutafuta kuni kwingine humwangukia mama.

Ardhi ni amana, na amana hailindwi kwa kumsahau jirani. Yafaa sehemu ya ada za watalii iwafikie wanawake hawa kwa majiko yatumiayo kuni chache na miche ya kupanda karibu na nyumba. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa apandaye mti hupata thawabu kwa kila kiumbe kinachonufaika nao.

Nasi Pwani tunayo Milima ya Shimba, Kwale. Familia itakayozuru huko wakati wa likizo, pamoja na kuwaonyesha watoto wanyama, na iwaulize akina mama wa vijiji vya jirani: je, nyinyi mwapikia nini?