Kidingapopo, Jina Lililovuka Bahari

Mwaka 1870 kisiwa cha Unguja kilipatwa na homa iliyowaangusha watu kwa ghafula, ikawakaza viungo kwa maumivu yasiyo kifani na kuwatoa vipele mwilini, ingawa waliokufa kwayo walikuwa wachache. Na wazee walioiona hawakuistaajabia, bali waliiita kidinga pepo, ndiyo kidingapopo ya leo, kwa jina walilolikumbuka tangu homa kama hiyo ilipopita hapo kiasi cha mwaka 1823, kwa kuwa kule kukazwa mwili kulidhaniwa kuwa ni kazi ya pepo. Tabibu James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja zama hizo, hakulidharau neno la wagonjwa wake, akaliandika katika jarida la matabibu wa Uingereza mwaka 1872, na kwa jambo hilo anastahili shukrani zetu.

Christie alitambua kwamba maradhi yenye dalili hizo yalienea katika visiwa vya Karibi mwaka 1827 na 1828, yakaitwa dengue huko Cuba, naye akatoa rai kwamba jina lilivuka bahari pamoja na watu wetu waliochukuliwa utumwani. Wasemao Kihispania walilipokea kwa wepesi, maana walikwisha kuwa na neno dengue, lenye maana ya madaha na kujishaua, likawaelekea wagonjwa waliotembea kwa kujikaza mithili ya wenye maringo; na Waingereza wa visiwa vile, kwa fikira hiyo hiyo, waliiita homa ya watanashati. Wapo wanaoipinga rai ya Christie, lakini mimi naiona ina nguvu.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni hii, kwamba yamkini jina hilo limekwenda kukaa kwa maradhi yasiyokuwa yake. Mwaka 1952, katika uwanda wa juu wa Newala, kusini mwa Tanganyika, ilizuka homa ambayo Wamakonde waliiita chikungunya, yaani kile kikunjacho, kwa kuwa mgonjwa hupinda kwa maumivu ya viungo. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakaieleza kitaalamu mwaka 1955. Mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey, alipozipima upya habari za Christie, aliona kwamba homa ya Unguja, iliyoacha maumivu ya viungo kwa muda mrefu, ilielekea kuwa chikungunya, wala si hiyo iitwayo dengue leo.

Homa zote mbili huchukuliwa na mbu yule yule, Aedes aegypti, aumaye mchana na kuzaa katika maji yaliyotuama mitungini, katika madumu na magurudumu mabovu, naye ndiye aliyeeneza dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Ningependa matangazo ya afya yalitangulize jina kidingapopo, ili anayeambiwa afunike mtungi wake asidhani kwamba anaonywa juu ya maradhi ya ugenini.