Paka Anapiga Chafya: Pesa Yako Ianzie Wapi?

Chafya mbili tatu za asubuhi, paka anakula, anaruka dirishani, macho makavu: hapo hakuna cha kununua. Hesabu huanza chafya zinapokuja mfululizo siku nzima, au zinapoandamana na kamasi na macho ya kutoa machozi. Wengi hapo hukimbilia duka la dawa za mifugo, na huko ndiko pesa zinakopotea.

Anza na kisichogharimu kitu. Nyumba nyingi za pwani hufukizwa udi jioni, dawa ya mbu ya kuchoma huwekwa chini ya kitanda, na paka pua yake iko jirani kabisa na sakafu, usawa wa chetezo. Ondoa moshi, ondoa manukato ya kupuliza, badilisha mchanga wa choo kama una vumbi, kisha ngoja siku chache. Chafya zikikoma, kazi imeisha. (Kumshawishi mwenye udi ni kazi nyingine, na sina bei yake.)

Zisipokoma, yaelekea ni mafua ya paka, ambayo mara nyingi huletwa na virusi vya aina mbili, herpes ya paka na calici. Binadamu haambukizwi. Paka mzima mwenye nguvu hupona bila dawa, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Kinachomsaidia ni matunzo: futa ukoko wa puani kwa pamba iliyochovywa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na umpashie moto supu ya dagaa isiyo na chumvi wala kitunguu. Paka aliyeziba pua hasikii harufu, na asiposikia harufu hali.

Doksisaiklini ya kujinunulia dukani ni hasara hata ikiwa ya bei ndogo. Haiui virusi, kazi yake ni bakteria wanaodandia baadaye, na dozi hupimwa kwa uzito. Isitoshe, kidonge chake kikikwama humuunguza paka umio, kwa hiyo hata daktari akiiandika, kifuatishwe na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Poda ya laisini inayoagizwa mtandaoni nayo iache: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihitimisha kwamba haizuii wala haitibu herpes ya paka. Na parasetamoli, rahisi kuliko zote, usiiguse kabisa. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja, na kidonge kimoja tu chaweza kumuua.

Mimi pesa ningeitoa kwenye ada ya kumwona daktari wa mifugo, tena mapema, endapo paka hajala kwa siku nzima, anahema kwa mdomo, jicho limefumba, au ni mtoto wa miezi michache. Uliza kabla: ada ya kumwona ni kiasi gani, na marudio yanalipiwa? Anayekuja nyumbani huongeza nauli, lakini ukiwa na paka watatu nauli hiyo unaigawa. Kipimo cha maabara cha kutafuta virusi ningekikataa kwa paka mmoja wa nyumbani, kwa kuwa hata paka asiyeumwa huweza kubeba virusi hivyo, na jibu mara nyingi halibadilishi matibabu. Ila kamasi au damu ikitoka tundu moja tu la pua, usibane pesa. Huenda ni jani la nyasi lililonasa, mzizi wa jino uliooza au uvimbe, na hapo huenda ikabidi paka alazwe kwa dawa ya usingizi ili achunguzwe vizuri.

Chanjo ndiyo ninayoiona ya thamani kuliko yote. Huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, halafu mwaka unaofuata. Haizuii mafua yote, bali huyafanya mepesi, na sindano hiyohiyo humkinga na panleukopenia, ugonjwa unaofagia watoto wa paka kwa siku chache. Hakikisha inatolewa kwenye friji mbele yako. Ukiwa na pesa ya paka mmoja tu, anza na mdogo.