Umepiga Windows Upya na Kompyuta Bado Nzito? Kagua Haya Kabla Hujatoa Hela Nyingine



Leo naongea na wenye kompyuta ya mezani, ile ya kuandalia picha za bidhaa, kujibu wateja WhatsApp na kuweka hesabu za oda. Ilikuwa nzito, ukapeleka kwa fundi, akapiga Windows upya. Imerudi nyeupe, haina kitu, lakini ukiiwasha unaweza kwenda kununua vitumbua ukarudi bado inazunguka tu. Ukirudi kwa fundi anakwambia, "Mashine imechoka hii, tafuta nyingine."

Inawezekana imechoka kweli. Ila mara nyingi kilichochoka ni kitu kimoja tu ndani yake. Kupiga Windows upya kunasafisha programu. Hakuponyi diski iliyozeeka, hakuongezi RAM wala hakutoi vumbi. Kama ugonjwa ulikuwa kwenye kifaa, Windows mpya inaukuta palepale.

Haya nimejifunza dukani kwangu kwa kufungua na kufunga mashine, sio chuoni. Utaratibu ninaofuata ni huu, na unaanza na visivyo na gharama.

1. IPE SIKU MOJA

Windows ikiwa mpya ina kazi nyingi za chinichini. Inashusha apdeti, inapanga orodha ya mafaili ili ukitafuta uyapate haraka, antivirusi yake inakagua kila kitu. Kwenye diski ya zamani kazi hizo zinaweza kuibana mashine masaa kadhaa.

Iunganishe na intaneti, iache imewaka, wewe endelea na mambo yako. Ingia Settings, halafu Windows Update, itafute apdeti. Ikiomba kuzimwa na kuwashwa, fanya hivyo, mpaka iseme hakuna kilichobaki.

Angalizo kwa wanaotumia hotspoti ya simu: apdeti zinakula bando vibaya sana. Zikishaisha, ingia Settings, "Network & internet", fungua mtandao unaoutumia, washa "Metered connection". Itapunguza kujishushia vitu vikubwa. Ukiwa na bando la kutosha izime, apdeti ziingie, maana za usalama unazihitaji.

2. ANGALIA NANI ANAKULA MASHINE

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Ikiwa ndogo, bonyeza "More details". Utaona safu za CPU, Memory na Disk. Zisome wakati mashine inasumbua, sio ikiwa imetulia.

- Disk iko 100% muda wote, hufanyi kitu, na ni siku ya tatu tangu Windows ipigwe: shuku diski.
- Memory iko 85% kwenda juu, na umefungua kurasa chache tu za intaneti: RAM ni ndogo.
- CPU iko juu na hujafungua chochote: kuna programu inafanya kazi kwa siri.
- Zote ziko chini lakini ukishusha ukurasa skrini inavuta: angalia draiva.

Humohumo kuna sehemu ya "Startup". Ni orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Usizozihitaji asubuhi, zibonyeze kisha "Disable". Hujazifuta, umezizuia kujiwasha tu.

3. DRAIVA

Bonyeza kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Device Manager, fungua "Display adapters". Ukikuta imeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", draiva ya picha haijaingia. Windows inatumia ya dharura, na mzigo wote wa kuchora skrini umeangukia prosesa. Hapo hata picha ya gauni inafunguka kwa kusuasua.

Draiva chukua kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, kwa jina la modeli lililoandikwa kwenye kasha. Zile programu zinazojitangaza kuwa zinatafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo. Nyingi zinakuletea matangazo na takataka.

4. RAM

Ingia Settings, System, kisha About. Soma "Installed RAM" na "System type".

Kwa Windows 11, GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa. Hiyo ni ya kuwaka, sio ya kufanyia kazi. Ukiwa na WhatsApp, Instagram na Excel kwa pamoja, lenga GB 8.

Ukikuta imeandikwa GB 8 lakini mbele yake inasema zinazotumika ni tatu na pointi, na System type ni 32-bit, basi umepigiwa Windows ya 32-bit. Hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16. Kama prosesa inakubali 64-bit, rudi kwa fundi akupigie ya 64-bit. Hutakiwi kununua kitu hapo.

Kama ni ya kununua, chomoa RAM iliyomo uende nayo dukani. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, pengo lake liko sehemu tofauti.

5. DISKI, NA HAPA TULIA

Diski ya zamani, HDD, ina sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachokimbia huku na huku kusoma. Windows za sasa zinaomba vitu vidogovidogo vingi kwa wakati mmoja, na kichwa ni kimoja. SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana tofauti unaiona siku hiyohiyo.

Lakini uzito sio tatizo kubwa la diski. Tatizo kubwa ni kwamba diski inayokufa huanza kwa kuwa nzito.

Kuna dada jirani yangu wa duka anauza viatu vya watoto mtandaoni. Kompyuta yake ni Core i5 kizazi cha 3, RAM GB 4, diski GB 500. Ilipigwa Windows mara mbili ndani ya mwezi, kila mara ikarudi nzito. Alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya mashine nyingine. Tukaweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Ikaandika "Caution" kwa njano. Mstari wa C5, unaohesabu sehemu za diski zinazogoma kusomeka, haukuwa sifuri.

Kwenye diski hiyo, upande wa D, ndiko kulikuwa na faili la Excel la wateja wake wote wa mali kauli: nani kachukua pea ngapi, kalipa ngapi, bado ngapi. Nakala nyingine hakuna. Angeendelea kuipigia Windows siku moja ingegoma kuwaka, na madeni yote yangebaki kwenye kichwa chake na kwenye uaminifu wa watu.

Tulianza na kunakili. Excel kwanza, kisha picha za bidhaa. Picha kadhaa ziligoma, Excel ikatoka nzima. Ndipo tukafunga SSD ya GB 240, tukapiga Windows juu yake, tukaongeza RAM ifike GB 8. Prosesa ni ileile, kasha lilelile. Sasa inawaka chini ya dakika moja.

Kwa hiyo ukiona "Caution" au "Bad", usipige Windows tena, usijaribu kuirekebisha. Toa mali yako kwanza. Ukiona "Good" lakini mstari wa C7 namba inaongezeka kila siku, badilisha waya wa SATA kabla ya diski. Mara nyingine ubovu ni wa waya tu.

6. WINDOWS YA KUVUNJWA

Hili watu hawapendi kulisikia. Mafundi wengi wakishapiga Windows wanaweka kiprogramu cha kuifungua bila leseni, na ili kikubali wanaizima antivirusi. Baadhi ya viprogramu hivyo vinakuja na wageni: vingine vinachimba sarafu za mtandaoni kwa kutumia prosesa yako, vingine vinaiba nywila. Wewe unaona mashine nzito tu. Mwizi anaona akaunti yako ya Instagram yenye wateja uliowatafuta kwa miaka mitatu.

Ingia Windows Security, "Virus & threat protection". Hakikisha ulinzi umewashwa. Shuka mpaka "Exclusions" uone kama kuna folda imefichwa isikaguliwe usiyoijua wewe. Iondoe, kisha kwenye "Scan options" chagua ukaguzi wa Offline. Mashine itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka. Ukikuta kitu, badilisha nywila zako ukitumia simu, sio kompyuta hiyohiyo, na washa uthibitisho wa hatua mbili.

7. JOTO NA VUMBI

Mashine ikianza vizuri ikawa nzito baada ya nusu saa, na feni inavuma, ni joto. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi ili isiungue. Zima, chomoa umeme, fungua, toa vumbi kwa brashi laini huku umeshikilia feni isizunguke. Mashine ya miaka mingi inahitaji na pesti mpya juu ya prosesa, hiyo mwachie fundi.

HELA IENDE WAPI KWANZA?

Kama una HDD, anza na SSD. Pili RAM. Mashine mpya iwe ya mwisho.

Ila jua na hili: Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa ujumla, kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo mashine ya kizazi cha 3 ukiifufua leo, ihesabu ni ya kukuvusha wakati unakusanya mtaji wa nyingine. SSD yako utahama nayo.

Na kabla hujafunga duka leo, chukua faili la oda na madeni, liweke kwenye flashi na kwenye Google Drive. Ni dakika tano tu.