Vita vya Maniema katika Vitabu

Vita vya Maniema, mashariki mwa Kongo, vimeandikwa sana, ila kwa sehemu kubwa na watu waliokuja kupigana kisha wakaondoka. Anayetafuta habari za Kasongo, Nyangwe na Kindu atakutana na daktari wa Kiingereza, kanali wa Kibelgiji, mamluki na profesa. Kati yao amesimama mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiswahili.

Huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliandika habari za maisha yake kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kuwa herufi za Kilatini na kuzichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu kina safari, pembe za ndovu, madeni na mapigano, vyote vikisimuliwa kwa utulivu wa mtu anayekagua daftari la biashara. Watu waliotekwa na vijiji vilivyochomwa hupita humo upesi mno. Hata hivyo kina faida isiyopatikana kwingine: msafiri Henry Morton Stanley, aliyekutana na Tippu Tip Maniema mwaka 1876 na kusafiri naye, pia aliandika kitabu, kilichotoka 1878. Safari ni moja, wasimulizi wawili. Stanley anamlaumu mwenzake kwa kurudi njiani. Tippu Tip analalamika kwamba ahadi alizopewa hazikutimizwa. Msomaji akivisoma vyote viwili pamoja, huona mengi ambayo kila mmoja peke yake asingemwambia.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890, kwa hiyo vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Waarabu na Waswahili wa Maniema kwa upande mmoja na Dola Huru la Kongo, serikali ya kikoloni, kwa upande wa pili alivisikia akiwa mbali. Mwanawe Sefu alipigana na kufa humo. Aliyeviandika kwa urefu ni Sidney Langford Hinde, daktari wa jeshi la Dola Huru lililoongozwa na Francis Dhanis, katika kitabu chake cha 1897. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Ukurasa wa kushangaza ni ule wa Kasongo: askari wa kawaida wanalalia magodoro ya hariri, wanakuta sukari, mishumaa na vikombe vya fedha, na bustani za machungwa na mapera. Hinde aliyaona hayo kama mshindi anayehesabu nyara. Leo yanasomeka vingine, kama ushahidi wa mji uliokuwa na maisha yake mwenyewe. Hadithi za Hinde za ulaji wa watu, kwa upande mwingine, zinahitaji msomaji mkali, kwa sababu ziliifaa sana serikali iliyotaka vita vyake vionekane vya kuleta ustaarabu.

Kindu yenyewe iliingia katika habari za dunia tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi wa anga 13 wa Italia waliokuwa wakitumikia Umoja wa Mataifa walipouawa hapo na askari wa Kongo waliodhani ni mamluki wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga. Italia mpaka leo ina mitaa yenye jina la Kindu.

Julai 1964 Wasimba, waasi waliopigana na serikali ya Kongo, wakauteka mji. Novemba jeshi la serikali, likiongozwa na Wabelgiji na mamluki, likaurudisha. Mike Hoare, kamanda wa mamluki, alitoa kitabu chake 1967, na Kanali Frédéric Vandewalle akafuata 1970. Hoare anasomeka kwa raha, na raha hiyo ndiyo ya kuogopwa: wakazi wa mji wanaonekana kama mandhari tu. Kazi nzito zaidi ni ya Profesa Benoît Verhaegen, ambaye juzuu yake ya pili kuhusu maasi ya Kongo, ya mwaka 1969, ni ya Maniema pekee. Verhaegen hakungoja miaka hamsini ipite. Alikusanya barua, amri na ripoti, za waasi na za serikali, pamoja na ushuhuda wa waliokuwepo, wakati kumbukumbu bado zina joto. Ndiyo maana kwake waasi wana majina, vyeo na ugomvi wao kwa wao, si kundi la watu wenye dawa ya maji ya kujikinga na risasi tu.

Kwa vita vya baadaye, ambapo Kindu ilianguka mikononi mwa waasi wa kundi la RCD Oktoba 1998, chanzo kikubwa ni ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inayoeleza matukio 617 ya ukatili nchini kote kati ya 1993 na 2003. Hiyo ni orodha ya madai yaliyochunguzwa, si simulizi: inataja mahali, tarehe na walioshukiwa, na kuwaachia waandishi wa historia kazi ya kueleza maisha ya kila siku katikati ya vita hivyo.