Rada Imenunuliwa, Fundi Wake Yuko Wapi?

Kikao cha Bunge cha mwanzo wa mwaka hukutana sawasawa na mvua za Dodoma. Ugogo hauna vuli na masika kama tulivyozoea sisi wa visiwani. Una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hata Aprili, na mara nyingi mvua hiyo huja alasiri, baada ya jua kali, katika mawingu ya radi yaliyorundikana juu ya vilima. Ndiyo saa ambayo ndege iliyotoka Dar es Salaam, na ndani yake Waheshimiwa wetu wa Unguja na Pemba, maofisa wa wizara na wafanya biashara, huanza kushuka. Rubani hutazama kioo kilicho mbele yake. Penye rangi ya kijani pana mvua ndogo. Penye njano aangalie. Penye nyekundu asipite. Twaandika leo juu ya kioo hicho, na juu ya mtu ambaye abiria hamwoni kamwe, yaani fundi anayepima na kutengeneza vyombo vya rada.

Neno rada katika nchi hii limechafuka, na hatushangai. Wasomaji wetu watakumbuka mtambo ulionunuliwa kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa paundi milioni 28, na jinsi wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, walioombwa na Benki ya Dunia, walivyosema mwaka 2002 kwamba ulikuwa ghali mno na haukufaa ipasavyo kwa kazi ya ndege za kiraia. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutoweka vizuri kumbukumbu za hesabu, ikatozwa faini ya paundi 500,000, na paundi milioni 29.5 zikaelekezwa kwa wananchi wa Tanzania. Zikanunuliwa vitabu na madawati ya shule. Aprili 2018 Serikali ilizindua mradi mwingine, wa rada nne za kiraia kutoka kampuni ya Thales ya Ufaransa, kwa shilingi bilioni 67.3, zikawekwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Kwa hiyo juu ya kununua tumebishana vya kutosha. Juu ya kupima na kutengeneza tumesema machache sana, na ilhali mtambo wa rada, uwe wa ardhini au wa ndani ya ndege, huanza kuchakaa siku ileile unapowashwa.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Rada haitoi mwanga wa mfululizo kama mnara wa bahari. Hutoa mapigo mafupi ya mawimbi, kila pigo likidumu sehemu chache tu za milioni ya sekunde, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Mawimbi hayo hukata mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwangwi wa wingu lililo kilomita 60 mbele hurudi baada ya sehemu 400. Katika rada ya hali ya hewa iliyo puani mwa ndege, urefu wa wimbi ni kama sentimita tatu, na kinachorudisha mwangwi ni matone ya mvua.

Sasa hapa ndipo penye hatari isiyojulikana na wengi. Rada iliyokufa kabisa haidanganyi mtu: kioo ni cheusi, rubani anajua, naye hukaa mbali na mawingu au hubaki chini. Rada iliyodhoofika ndiyo ya kuogopwa. Katika mitambo ya zamani nguvu ya pigo hutoka katika taa maalumu iitwayo magnetroni, nayo huzeeka pole pole kama taa nyingine yoyote. Hata katika mitambo mipya isiyo na magnetroni, kofia ya puani inayofunika antena yaweza kutobolewa na radi au kupasuliwa na ndege wa mwituni, maji yakaingia katika matabaka yake na kuyala mawimbi kabla hayajatoka. Matokeo ni mamoja: mwangwi hurudi mnyonge, na wingu lililostahili kuonyeshwa jekundu huonyeshwa la njano au la kijani. Kioo kinang'aa na kila kitu chaonekana kizima. Kosa la namna hiyo halitambuliwi kwa macho. Hutambuliwa na fundi mwenye kipimo, anayejua pigo lilipaswa kuwa na nguvu kiasi gani na urefu gani.

Kipo na chombo kingine, transponda, ambacho kazi yake ni kujibu. Rada ya ardhini huuliza kwa mapigo mawili: yakiachana kwa sehemu 8 za milioni ya sekunde, maana yake ni "wewe nani?", yakiachana kwa sehemu 21, maana yake ni "uko juu kiasi gani?" Transponda hujibu kwa mfululizo wa mapigo yake, nayo yakisogea kidogo tu kutoka mahali pake jibu halieleweki. Vyombo vya kuzuia migongano vilivyo katika ndege nyingine husikiliza majibu hayohayo. Sheria za Marekani huagiza transponda ipimwe kila baada ya miezi 24, iwe imelalamikiwa au haikulalamikiwa.

Kwa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Tazama ramani. Rada zile nne zimekaa pembeni mwa nchi, na mji mkuu uko katikati: kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 390 kwa njia ya anga, Songwe 410, Mwanza zaidi ya 500, na iliyo karibu kuliko zote, ya Kilimanjaro, ni kama 340. Mawimbi ya rada huenda moja kwa moja, ilhali dunia ni duara. Kwa hesabu hiyo ndege iliyoshuka hadi mita 3,000 juu ya nyanda za kati imekwisha kujificha nyuma ya mzingo wa dunia, na hakuna hata moja kati ya rada hizo nne inayoweza kuiona. Tangu hapo rubani humtegemea mwongozaji wa mnarani kwa sauti ya redio, na vyombo alivyo navyo mwenyewe ndani ya ndege. Ndiyo maana hatuna budi kuuliza vyombo hivyo hupimwa wapi, na nani.

Desturi ya mashirika madogo ya ndege, si yetu peke yetu, ni kuchomoa kisanduku kilicholalamikiwa, kuchomeka kingine, na kile kibovu kukipeleka ng'ambo kwa mtengenezaji. Huko mara kwa mara hutokea kichekesho ambacho kila fundi wa kazi hii anakijua: kisanduku huwekwa mezani, hupimwa, huonekana kizima, na hurudishwa na karatasi isemayo hakuna kosa. Kikifungwa tena katika ndege, kosa ni lilelile. Sababu mara nyingi ni lehemu iliyopata ufa mwembamba. Mezani, penye joto la kawaida, ufa umeziba. Juu angani, penye baridi ya chini ya nyuzi 20 za sifuri na mtikisiko wa injini, hufunguka. Fundi anayeijua njia ya ndege hiyo atakitia kisanduku katika sanduku la baridi, atakitikisa, atakipima tena. Aliye ng'ambo hana habari kwamba ndege ile hulala Unguja penye chumvi ya bahari, hata pini za shaba zikaota kutu ya kijani, na kesho yake hushinda Dodoma ambako vumbi huziba matundu ya kupozea.

Elimu hii tuliipoteza mara moja. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa na karakana zake kuu Embakasi, Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha shirika lake mwenyewe, lakini karakana ya Embakasi haikuwa kitu cha kugawanywa vipande vitatu.

Hatusemi kila kisanduku kitengenezwe hapa nchini. Watengenezaji wengi wa siku hizi hawatoi michoro yao, na baadhi ya bodi hazifunguliki ila kwa mashine zao. Lakini kupima nguvu na urefu wa mapigo, kubadili bodi nzima kwa nyingine, kulehemu upya viungo, kukagua kofia ya puani kama imeingia maji, hizo ni kazi ambazo kijana aliyefundishwa vizuri katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aweza kuzifanya, maadamu vipimo vyake vyenyewe vimepelekwa kugezwa kwa wakati. Kiwanja kipya cha Msalato, ambacho Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikiidhinishia dola milioni 272 mwishoni mwa mwaka 2019, kina njia ya kurukia ya mita 3,600. Chumba kimoja chenye meza ya majaribio ya vyombo vya rada kingekula sehemu ndogo mno ya fedha na ya ardhi hiyo. Na katika kila mkataba wa kununua mtambo, vitabu vya ufundi na mafunzo ya mafundi viandikwe pamoja na bei, kabla ya sahihi.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na gharama zake ni zetu sote, bara na visiwani. Basi bajeti ya uchukuzi itakaposomwa Dodoma, tungependa Waheshimiwa wetu waulize mambo matatu: ni mafundi wangapi Watanzania wenye leseni ya kupima vyombo vya rada vya ndege, ni visanduku vingapi vilivyopelekwa ng'ambo mwaka uliopita, na kwa siku ngapi, na vingapi kati ya hivyo vilirudi na karatasi isemayo havikuonekana na kosa lolote.