Mchavushaji au Mzuru-maua? Istilahi Katika Uchunguzi wa Wadudu wa Mbugani

Makala haya yanakusudia kuichunguza istilahi moja, mchavushaji, kama itumikavyo wadudu wanapohesabiwa katika mbuga za asili. Mfano wetu ni nyanda za Athi na Kapiti, kusini ya Nairobi.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba nyasi zenyewe, kama vile Themeda triandra, huchavushwa na upepo. Wadudu huyaendea maua ya migunga na ya mimea midogo imeayo kati ya nyasi.

Mchunguzi ana njia tatu. Hutembea polepole kwenye mstari aliokwisha kuupima, akiandika kila mdudu amwonaye juu ya ua. Wasiotambulikana kwa macho huwanasa kwa wavu. Tena hutega bakuli za manjano, buluu na nyeupe zenye maji ya sabuni. Hizi hunasa zaidi nyuki wadogo kuliko wakubwa. Kazi hurudiwa katika misimu mbalimbali, maana maua ya masika siyo yote ya vuli.

Sasa tuitazame istilahi. Kutokana na nomino chavua tumepata kitenzi chavusha, chenye kiambishi cha kusababisha, na kutoka hapo mchavushaji, yaani mwenye kulitenda tendo hilo kwa desturi. Lakini mchunguzi ameona nini? Ameona mdudu juu ya ua, basi. Nyuki mkubwa mweusi atoboaye miti mikavu (Xylocopa) pengine hulitoboa ua ubavuni, akafyonza nekta bila kuigusa chavua. Naye aliyenaswa bakulini hakuonekana juu ya ua lolote.

Tunapendekeza basi kwamba aonekanaye juu ya ua aitwe mzuru-maua, na anaswaye bakulini aitwe mdudu wa mtegoni. Neno mchavushaji litengewe yule aliyethibitishwa: ua likifunikwa kwa chandarua kabla ya kuchanua, likafunuliwa azuru mdudu mmoja tu, kisha likafunikwa tena na kufanya mbegu kuliko yale yasiyofunuliwa kamwe, hapo ushahidi upo.

Huenda wenzetu wakasema kwamba huku ni kuchagua maneno tu. Sivyo. Orodha ndefu ya “wachavushaji” yaweza kumtuliza mhifadhi, ilhali mimea ya mbuga yake haifanyi mbegu. Istilahi isidai zaidi ya yale macho yaliyoyaona.