Chaja Iliyokufa: Kipi Kitengenezwe Nyumbani, Kipi Kiachwe

Chaja ya simu inapokataa, wengi huukunja waya wake hapa na pale mpaka simu ikubali, kisha huukaza kwa uzi au kuugandamiza kwa jiwe. Ndivyo ilivyo Musoma mjini, ndivyo ilivyo Bunda na Butiama. Mara nyingi ugonjwa uko hapo hapo, kwenye waya, ambao kwa kawaida hubeba volti 5 tu. Kuubadilisha hakuhitaji fundi. Adapta yenye plagi ya pini tatu bapa nayo huenda imeungua fyuzi iliyo ndani ya plagi. Iwekwe nyingine ya ampea zile zile, wala si kipande cha waya.

Ndani ya kisanduku mambo ni mengine. Umeme wa volti 230 hugeuzwa humo ukafika takriban volti 325, ukahifadhiwa katika kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya chaja kuchomolewa. Kati ya upande wa soketi na upande wa simu kuna mpaka: transfoma ndogo, na aghalabu kapasita ya aina maalumu, iliyoundwa ili ikiharibika isipitishe umeme. Akiwekewa mteja kapasita ya kawaida, chaja itafanya kazi vizuri kabisa, na hapo ndipo penye hila. Siku itakayopasuka, umeme wa soketi utaufuata waya hadi mkononi. Chaja ya namna hiyo, au iliyopasuka ganda, haifai gundi wala utepe, iachwe.

Anayeumia zaidi ni mtoto anayetambaa, ambaye kila kitu hukionja. Akiung'ata waya wenye umeme wa soketi, huungua pembeni mwa mdomo. Jeraha huonekana dogo, jeupe au la kijivu, na pengine haliumi, hivyo mzazi hutulia. Lakini kati ya siku ya 5 na ya 14, kigaga kinapobanduka, ateri ya mdomo yaweza kufunguka na damu ikatoka kwa wingi. Kwa hiyo, baada ya kuzima swichi kuu na ndipo kumgusa mtoto, apelekwe hospitali siku ile ile. Damu ikianza baadaye nyumbani, mdomo ubanwe kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, bila kuachia njia nzima mpaka kwa daktari.